Shilingi Moja kwa Kila Tanipu: Wakulima wa Ayalandi na Hesabu za Wakubwa

Ukisoma riwaya na tamthilia za Ayalandi kwa muda, utakutana tena na tena na ukurasa wa namna hii: wanaume wawili wameegemea lango la shamba, mvua inakaribia, na wanazungumzia bei ya ndama. Hakuna aliyekufa, hakuna aliyeachwa na mchumba. Wasomaji wengi huuruka ukurasa huo wafike haraka panapotokea jambo. Mimi leo nataka kuutetea. Naona kwamba sehemu kubwa ya historia ya nchi ile, kwa zaidi ya miaka 140, imepita palepale langoni, katika maneno ya watu wanaoulizana ng'ombe wameuzwaje mnadani, kodi imepanda kiasi gani, na serikali imetupa wapi pesa safari hii.

Maneno hayo si soga tupu. Ni ukaguzi wa hesabu, unaofanywa na watu ambao maamuzi makubwa ya maisha yao yamekuwa yakikatwa mbali: kwanza London, kisha Dublin, kisha Brussels. Kuna wakati maneno hayo yalimshinda mtu mwenye askari elfu moja nyuma yake. Kuna wakati pia yalinyamaza pale yalipotakiwa kusema. Hebu tuyafuate.

Kususa kwa Mayo

Kaunti ya Mayo iko magharibi ya Ayalandi, nchi ya mawe na maji. Njaa Kuu ya 1845 hadi 1852, baada ya ugonjwa kuozesha viazi mashambani, ilikuwa imeua watu wapatao milioni moja nchini kote na kuwahamisha wengine milioni moja, huku nafaka na mifugo vikiendelea kupakiwa melini kwenda Uingereza. Walionusurika walibaki wapangaji. Mwaka 1870 ni kama asilimia 3 tu ya wakulima waliomiliki ardhi waliyoilima. Iliyobaki ilikuwa ya makabaila. Mwaka 1879 mavuno yakaharibika tena. Oktoba mwaka huo, Michael Davitt na wenzake wakaanzisha Land League, chama cha kutetea wapangaji, na Charles Stewart Parnell akawa rais wake.

Septemba 19, 1880, Parnell alihutubia mkutano huko Ennis. Aliwauliza watu wamfanye nini mtu anayechukua shamba ambalo jirani yake amefukuzwa. Sauti ikatoka kwenye umati: apigwe risasi! Parnell akajibu kwamba ipo njia iliyo bora. Msimsemeshe njiani, msimsemeshe dukani, wala sokoni, wala hata kanisani. Mwacheni peke yake kama mkoma wa zamani.

Hazikupita wiki nyingi, dawa ikajaribiwa. Kapteni Charles Boycott alikuwa msimamizi wa mashamba ya Lord Erne karibu na ziwa la Mask, huko huko Mayo. Wapangaji waliomba wapunguziwe kodi ya pango kwa asilimia 25. Bwana akakubali 10. Hati za kuwafukuza zilipopelekwa, wanawake wakamrushia mpeleka hati matope na samadi hadi akakimbia. Baada ya hapo, kimya. Watumishi wakaondoka nyumbani kwa kapteni. Mfua vyuma hakumfulia, dobi hakumfulia, duka halikumuuzia, barua hazikufika. Mazao yakabaki shambani.

Serikali ikaingilia. Waliletwa vibarua 50 kutoka Cavan na Monaghan kuja kuvuna, wakilindwa na wanajeshi na polisi wapatao elfu moja. Kazi ilichukua kama wiki mbili, katika mvua ya Novemba. Mazao yalikadiriwa kuwa ya pauni 500 hivi. Gharama ya kuyaokoa ilikadiriwa kufika pauni 10,000. Parnell akapiga hesabu kwa namna ambayo kila mkulima angeielewa: serikali imelipa shilingi moja kwa kila tanipu iliyong'olewa. Tanipu, kwa asiyeijua, ni mboga ya mzizi ambayo kule hulishwa hata ng'ombe.

Mimi napenda sana mzaha huu, kwa sababu una mambo mawili kwa pamoja. Una siasa, na una bei. Mkulima aliyeusikia hakuhitaji kuelezwa habari za dola na mabavu. Aliijua thamani ya tanipu, aliijua thamani ya shilingi, akacheka. Na alipocheka, mamlaka yote ile ya wapanda farasi na bunduki ikaonekana kama mtu asiyejua kununua mboga.

Neno lenyewe nalo lina kisa chake. Mwandishi wa habari James Redpath alisimulia kwamba alikuwa akitafuta namna ya kukiita kitendo hiki, na neno la kisomi lenye asili ya Kigiriki likaonekana zito mno kwa wanakijiji. Padri John O'Malley ndiye aliyependekeza watumie jina la kapteni mwenyewe. Kiingereza kikapata kitenzi kipya, na lugha nyingi za dunia zikakiazima. Sisi hatukuhitaji. Kiswahili kilikuwa tayari na kususa na kususia, maneno ya nyumbani kabisa. Mtoto aliyeudhiwa husimama mbali na sinia akakataa kula. Ukilitazama tukio la Mayo kwa neno letu, unaliona vizuri zaidi: kijiji kizima kilisusa, mpaka kapteni, Desemba 1, 1880, akafunga mizigo yake akaondoka.

Foleni ya maziwa

Sheria za ardhi zilizofuata, hasa ya 1903, ziliwawezesha wapangaji kukopeshwa na serikali wakanunua mashamba yao na kulipa polepole kwa miaka mingi. Kufikia mwishoni mwa miaka ya 1920 hali ilikuwa imepinduka: karibu wakulima wote walikuwa wamiliki. Hapo mada ya langoni ikabadilika. Kabla ya hapo swali lilikuwa ardhi ni ya nani. Sasa likawa: anayepanga bei ni nani?

Kwa ng'ombe, bei ilipangwa barabarani. Siku ya gulio mifugo ilijaa mtaa mkuu wa mji, na mauzo yalikuwa mchezo wa kuigiza. Mnunuzi anatoa bei ya matusi, muuzaji anageuza uso, mnunuzi anaondoka, dalali anamkimbilia anamrudisha, anaishika mikono ya wawili wale kwa nguvu na kuikutanisha. Wakishapatana, muuzaji anamrudishia mnunuzi senti kidogo za bahati. Hapakuwa na karatasi. Palikuwa na neno, na mashahidi.

Kwa maziwa mambo yalikuwa mengine. Mwaka 1889, katika kijiji cha Dromcollogher, kaunti ya Limerick, kilifunguliwa kiwanda cha kwanza cha siagi cha ushirika, kwa juhudi za Horace Plunkett. Viwanda vya namna hiyo vikaenea. Kila asubuhi mkulima alifunga punda au farasi kwenye mkokoteni, akapakia madebe ya maziwa, akaenda kupanga foleni. Maziwa yalipimwa, malai ikatolewa ya kutengenezea siagi, na yeye akarudi na maziwa yaliyobaki ya kuwanyweshea ndama na nguruwe.

Foleni hiyo ndiyo ilikuwa baraza lao. Fikiria watu wale wale, saa ile ile, kila siku ya Mungu, wakisubiri zamu na hawana la kufanya isipokuwa kuongea. Gazeti la mmoja lilisomwa na kumi. Aliyelipwa pungufu alijua kabla ya adhuhuri, kwa sababu alimwuliza aliyekuwa mbele yake. Kiwanda kilikuwa mali yao wenyewe kwa hisa, kwa hiyo ubishi wa kilo na senti ulikuwa ubishi wa wenye mali. Hiyo ni elimu ya uchumi iliyotolewa bure, kwa miaka zaidi ya sabini, na sijui chuo kilichofundisha watu wengi kiasi hicho.

Ngozi ya ndama

Mwaka 1932 Éamon de Valera alishika serikali huko Dublin na kukataa kuendelea kupeleka London marejesho ya ile mikopo ya ardhi. Uingereza ikajibu kwa kutoza ushuru wa asilimia 20 na zaidi kwa mazao na mifugo ya Ayalandi. Wenyewe wakauita Vita vya Uchumi. Bei ya ng'ombe ikaanguka vibaya. Ndama wakawa hawana soko, ikafika mahali serikali ikalipa shilingi 10 kwa ngozi ya kila ndama aliyechinjwa, ili wapungue.

Sasa sikiliza hesabu ilivyokaa. De Valera aliacha kulipa London, lakini hakuacha kuwadai wakulima. Aliwapunguzia nusu tu. Kwa hiyo mkulima alilipa mara mbili: nusu ya mkopo kwa Dublin, na hasara ya ushuru kwa Uingereza. Wapo waliosema ni gharama ya uhuru na lazima ivumiliwe. Wapo waliosema uhuru gani huu unaochuna ndama. Ndugu waligawanyika, hasa wenye mashamba makubwa ya ng'ombe kwa upande mmoja na wenye vijishamba kwa upande wa pili. Mwezi Aprili 1938 mambo yakaisha kwa makubaliano: Ayalandi ikalipa pauni milioni 10 mara moja, na deni likafutwa.

Mwaka huo huo wa 1938 ndio mwaka wa mkutano wa Munich, Ulaya ikielekea vitani. Na ndio mwaka ambao Patrick Kavanagh, mshairi aliyelima mwenyewe huko Inniskeen, Monaghan, aliuchagua kuwa wakati wa shairi lake fupi liitwalo "Epic". Ndani yake majirani wanagombea kipande cha mawe, na mshairi anajiuliza lipi kubwa, hili au lile la Munich. Anayemtoa wasiwasi ni mzimu wa Homer, anayemkumbusha kwamba utenzi wake mkuu nao ulianzia kwenye ugomvi wa kienyeji. Wengi hulisoma kama shairi kuhusu ushairi. Mimi nalisoma pia kama taarifa sahihi ya mazungumzo ya kijijini. Watu wale kweli waliiweka mipaka ya dunia na mipaka ya shamba kwenye meza moja, kwa sababu miaka sita mfululizo walikuwa wameona ugomvi wa mawaziri ukiingia zizini.

Maji ya nani?

Nisije nikawapamba kupita kiasi. Langoni palikuwa na wanaume, na hesabu za wanaume zilikuwa na upofu wake. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 serikali ilipendekeza kusambaza maji ya bomba vijijini. Chama kikubwa cha wakulima, NFA, kilichoundwa 1955, kikapinga: mradi ungepandisha kodi ya ardhi. Hoja ilikuwa ya kifedha na ilipangwa vizuri. Tatizo ni kwamba maji yale yalikuwa yakichotwa kisimani kwa ndoo, na aliyebeba ndoo hakuwa yule aliyekuwa akipiga hesabu.

Waliosimama upande wa pili ni wanawake wa ICA, chama cha wanawake wa vijijini chenye mizizi ya mwaka 1910. Walifanya kampeni na maonyesho, wakawaeleza wenzao bomba jikoni ni nini. Wao pia walikuwa wakiongelea matumizi ya fedha za umma. Tofauti ni kwamba waliingiza kwenye hesabu migongo yao. Kila ninapokutana na hoja kwamba mradi fulani wa umma ni gharama isiyo na maana, huuliza kwanza ndoo inabebwa na nani.

Ngazi za wizara

Mwaka 1966 maneno yalitoka langoni yakaingia barabarani. Aprili, wakulima wa maziwa walisimama mbele ya bunge mjini Dublin wakidai bei, na mamia wakakamatwa. Oktoba 7, rais wa NFA, Rickard Deasy, alianza kutembea na wenzake kutoka Bantry, kusini-magharibi kabisa, kwenda Dublin, safari ya karibu kilomita 350. Walipofika Oktoba 19 umati ulikuwa wa wakulima wapatao 30,000. Waziri wa Kilimo, Charles Haughey, akakataa kuwapokea. Basi viongozi tisa wakakaa kwenye ngazi za wizara, usiku na mchana, kwa karibu wiki tatu, kwenye baridi ya vuli. Mwaka uliofuata matrekta yaliziba barabara, na baadhi ya wakulima wakafungwa jela.

Ukiangalia walichokidai, hakikuwa kitu cha ajabu. Walitaka kusikilizwa kabla bei hazijapangwa. Yaani lile baraza la kwenye foleni ya maziwa litambuliwe kuwa baraza.

Baa ya Listowel

Huko Listowel, kaunti ya Kerry, John B. Keane alikuwa na baa tangu 1955. Alikuwa akimimina bia na kusikiliza. Mwaka 1965 ikachezwa tamthilia yake *The Field*. Bull McCabe amekodi shamba la mjane kwa miaka, amelitia samadi hadi likawa kijani, na sasa linapigwa mnada. Anatokea mgeni mwenye pesa. Mgeni anauawa. Polisi wanakuja, askofu anahubiri, lakini kijiji hakimtaji mtu.

Tafadhali isome tamthilia hii baada ya kusoma habari za Boycott. Kimya ni kile kile. Mwaka 1880 kilimshinda kabaila; hapa kinamlinda muuaji. Keane hakuwatukana wakulima wake. Alionyesha tu kwamba silaha waliyorithi kwa babu zao haikuwa na macho, na kwamba mtu aliyepata ardhi kwa shida anaweza naye kugeuka kabaila wa majirani zake.

Mji huo huo una kisa kingine. Kiwanda cha maziwa cha Listowel ndicho kilichokuwa chimbuko la ushirika wa Kerry, ulioundwa miaka ya 1970. Mwaka 1986 ushirika ukaiingiza biashara yake kwenye soko la hisa, ikawa Kerry Group, kampuni ambayo leo inauza viungo na ladha za vyakula duniani kote. Wenye hisa walifaidika sana, hilo halina ubishi. Ila bei ya lita ya maziwa sasa ilikuwa ikijadiliwa na kampuni, na mkulima akabaki akibishana na kitu alichokianzisha baba yake. Desemba 2024 wanaushirika walipiga kura na kukubali kuinunua tena biashara ya maziwa kutoka kwa kampuni hiyo, kwa thamani ya yuro milioni 500. Kununua tena ulichokuwa nacho! Nadhani Keane angeipata tamthilia hapo bila kwenda mbali.

Hesabu mbili

Januari 1, 1973, Ayalandi iliingia katika Jumuiya ya Ulaya, baada ya kura ya maoni ambapo asilimia 83 walisema ndiyo. Wakulima walikuwa mstari wa mbele, kwa sababu Ulaya ilikuwa na bei za juu na ruzuku. Hapo ndipo mazungumzo ya langoni yalipopata ugumu ambao haujaisha.

Mwanzo mkulima aliikagua serikali kama mtu anayetozwa. Sasa alikuwa pia mtu anayelipwa. Wengine waliona. Mwaka 1979 serikali ilitangaza tozo ya asilimia 2 kwa mazao ya wakulima, wakulima wakapiga kelele, tozo ikaondolewa. Wafanyakazi wa mijini, ambao kodi yao hukatwa kabla mshahara haujafika mkononi, wakajaa mitaa ya Dublin. Umati wa Machi mwaka huo ulikadiriwa kuwa watu 150,000. Ujumbe wao ulikuwa mfupi: na ninyi lipeni.

Hadi leo hesabu hiyo ipo. Tafiti za Teagasc, taasisi ya umma ya utafiti wa kilimo, zimeonyesha kwa miaka mingi kwamba katika mashamba mengi ya kuzalisha ndama wa nyama, malipo ya ruzuku hulingana na mapato yote ya familia au huyazidi. Kwa lugha ya langoni: ng'ombe wenyewe wanaleta hasara, cheki ndiyo inayoleta chakula. Lakini mkulima naye ana jibu, na si jibu la hovyo. Anasema: nalipwa ruzuku kwa sababu nyama yangu inanunuliwa chini ya gharama, kwa hiyo anayepewa ruzuku hasa ni kiwanda na duka kubwa, mimi ni njia tu pesa inapopita. Ukweli uko katikati, na ubishi wenyewe ni wa haki kuwapo.

Kuhusu kiwanda, kuna sura ambayo wazee wa kule hawajaisahau. Mwishoni mwa miaka ya 1980 serikali ilikata bima kwa fedha za umma kudhamini nyama iliyouzwa Iraki, na mnufaika mkubwa akiwa Goodman International, kampuni kubwa ya nyama nchini. Agosti 1990 Iraki ikavamia Kuwait, malipo yakakwama, na bunge likaitwa kutoka likizoni kupitisha sheria ya kuilinda kampuni inayoelekea kufilisika isivunjwe na wadai. Mwaka 1991 serikali ikaunda tume ya uchunguzi chini ya Jaji Liam Hamilton, iliyotoa ripoti 1994. Ilibainika kwamba sehemu ya nyama iliyokatiwa bima hata haikutoka katika Jamhuri ya Ayalandi. Susan O'Keeffe, mwandishi wa televisheni ambaye kipindi chake kilichochea uchunguzi, alishtakiwa kwa kukataa kutaja waliompa habari, aliachiwa 1995. Mkulima wa Mayo aliyekuwa akifuata habari hizi redioni wakati akikamua hakuhitaji mtaalamu wa kumfafanulia. Ng'ombe mmoja alikuwa ameuzwa mbali mno na mwenyewe, na bili imerudi kwa wote.

Kibanda cha baiskeli

Baada ya mabenki kuanguka mwaka 2008, umma wa Ayalandi ulibeba mzigo wa yuro bilioni 64 kuyaokoa. Namba ya namna hiyo haina sura; huwezi kuishika. Ndiyo maana naelewa kwa nini mwaka 2024 nchi nzima ilichemka kwa jambo dogo: kibanda cha kuegeshea baiskeli kwenye viwanja vya bunge kilichogharimu yuro 336,000. Mwaka huo huo hospitali mpya ya taifa ya watoto, iliyokadiriwa kugharimu yuro milioni 983 mwaka 2017, ilikuwa imefika bilioni 2.24. Hospitali ilikuwa hasara kubwa mara elfu. Kibanda ndicho kilichouma.

Wapo waliowacheka watu kwa hilo. Mimi siwacheki. Mkulima amejenga zizi. Anajua bei ya mbao, ya bati, ya saruji, ya fundi wa siku tatu. Mpe hospitali, hana kipimo. Mpe kibanda, anakipima kwa jicho akiwa ndani ya gari. Ni tanipu ile ile ya Parnell. Hatari ni kuishia kwenye kibanda na kuiacha hospitali ipite, na waziri mjanja anajua kwamba kelele za kibanda zitachoka zenyewe.

Nani atabaki kuongea?

Machi 31, 2015, Ulaya iliondoa kikomo cha uzalishaji wa maziwa kilichokuwapo tangu 1984. Serikali na viwanda viliwahimiza wakulima waongeze ng'ombe, nao wakaongeza, wakakopa, wakajenga. Ng'ombe wa maziwa wakatoka kama milioni 1.1 hadi zaidi ya milioni 1.5. Baada ya miaka michache wakaambiwa mito imechafuka na hewa imechafuka. Yote mawili ni kweli: kilimo ndicho chanzo kikubwa kuliko vyote cha gesi joto nchini humo, na sekta imepangiwa kuzipunguza kwa asilimia 25 ifikapo 2030. Kiwango cha juu cha nitrojeni ya samadi kinachoruhusiwa kwa kibali maalumu kikashushwa, kuanzia 2024, kutoka kilo 250 kwa hekta hadi 220 katika maeneo mengi. Na huku mkulima akiambiwa apunguze, mkataba wa Ulaya na nchi za Mercosur, zikiwamo Brazili na Argentina, unakusudia kuingiza tani 99,000 za nyama ya ng'ombe kwa ushuru nafuu. Hata asiyelima anaweza kuona kwa nini mtu huyo haamini tena ushauri unaokuja na barua yenye nembo.

Majira ya joto ya 2019 walirudi kwenye silaha ya zamani. Walisimama kwenye malango ya viwanda vya nyama, malori yakashindwa kupita, na mgogoro ukaendelea hadi Septemba, viwanda vikienda mahakamani. Mapatano yalipatikana, likaundwa jopo la kuchunguza soko la nyama. Lakini Boycott alikuwa mtu mmoja na nyumba yake ilionekana kutoka barabarani. Anayepanga bei ya nyama leo anaweza kuwa mnunuzi wa mtandao wa maduka katika nchi nyingine kabisa. Huyo utamsusia vipi?

Linalonisumbua zaidi ni jingine. Sensa ya kilimo ya 2020 ilihesabu mashamba 135,037. Karibu theluthi moja ya wenye mashamba hayo walikuwa na miaka 65 au zaidi. Walio chini ya miaka 35 walikuwa kama asilimia 7. Foleni ya maziwa haipo. Gari la tangi huja uani, linavuta maziwa, linaondoka. Minada sasa mtu anaweza kununua ng'ombe kwa simu akiwa sebuleni, jambo lililoenea wakati wa korona. Ni raha, hakuna wa kumlaumu anayekwepa mvua. Lakini mkulima aliyelipwa pungufu asubuhi hana tena mtu wa mbele yake kwenye foleni wa kumwuliza.

Kwa hiyo mkikutana na ukurasa ule wa wanaume wawili langoni, msiuruke. Someni bei walizotaja, mtazame na mwaka. Halafu mtazame kama kuna kijana anayesikiliza.